Jikoni na Shangazi: Maharage ya nazi yamegoma kuiva

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimeolewa Dodoma mwaka jana. Nyumbani maharage ya nazi nilikuwa napika huku napiga soga, huku yamenishinda. Nayaloweka usiku kucha, nayabandika saa nne asubuhi, adhana ya adhuhuri inanikuta bado nachochea. Ndani yameiva kidogo, ganda gumu kama karatasi. Mkaa wa wiki naumaliza siku tatu. Juzi nikatia tui hivyohivyo, nalo likakatika, mabonge huku maji kule. Mama mkwe anasema nitie magadi. Nitie?
*Mke wa Area C, Dodoma*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mikono yako haina kosa. Yanayokuchezea ni maji.

Nami yalinikuta. Nilihamia Dodoma 2017, wizara zilipohama na mume wangu akiwemo. Kabla ya hapo nimeuza chakula Ngamiani, Tanga, miaka kumi na moja, na sahani yangu ya wali maharage haikuwahi kurudi na kitu. Wiki ya kwanza Dodoma nikamwona mzee anasogeza maharage pembeni ya sahani, moja moja, kama anayetoa miba ya samaki. Hakusema neno. Heri angesema.

Hebu chungulia ndani ya birika lako la chai. Ule utando mweupe ulioganda chini ni chokaa. Dodoma tunategemea sana maji ya visima virefu vya Makutupora, na maji ya ardhini huja na madini yake. Chokaa ikiingia kwenye ganda la harage hulikaza badala ya kuliachia. Nyanya, ndimu na ukwaju nazo hulikaza kwa ule ukali wake, kwa hiyo nyanya isiguse sufuria mpaka harage libonyezeke kwa vidole viwili. Na kuna jambo ambalo sisi wa pwani hatulijui: Dodoma ni juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Pangani. Sufuria inatokota kwa kelele zilezile, ila moto unaofika kwenye harage umepungua.

Mimi sikuamini mpaka nilipojaribu. Nilichota maharage ya mfuko mmoja, kikombe kimoja kwa maji ya bomba, kingine kwa maji ya mvua niliyokinga Januari. Ya mvua yaliiva kwa dakika 80. Ya bomba niliyaacha jikoni, nikaenda kusuka nywele, nikarudi, bado yanabishana.

Sasa magadi. Mama mkwe wako hajakosea, magadi yanalainisha kweli. Lakini yakizidi chembe tu mchuzi unanuka sabuni, na vitamini B1 iliyomo kwenye maharage inapotea. Mimi natumia chumvi, tena mapema. Kijiko cha chakula kimoja kwenye lita mbili za maji ya kulowekea, usiku kucha, asubuhi unamwaga yale maji na kusuuza. Chumvi inaing'oa ile chokaa kwenye ganda. Marehemu bibi angenifukuza jikoni, kwake chumvi ilikuwa ya mwisho kabisa, lakini bibi alipikia maji ya mvua maisha yake yote. Kuchemshia, tumia maji ya mvua ukiwa nayo. Huna, nunua hata lita tatu za maji laini, yale yasiyo na chokaa, bado ni rahisi kuliko mkaa. Mwenye presha aruke, asisome hata aya hii.

Ukienda Soko la Majengo, usiulize bei kwanza. Uliza yamevunwa lini. Harage lililokaa stoo yenye joto mwaka mzima halisikii dawa yoyote. Ya njano ndiyo yanajisema yenyewe: yakizeeka rangi inakwenda kahawia. Na muuzaji akikuchanganyia ya zamani na mapya ondoka, maana nusu yatakuwa uji na nusu mawe.

Tui lako lilikatika kwa sababu ulitia lile zito mapema, ukafunika, moto ukawa mkali. Nazi mbili kwa nusu kilo ya maharage. Kamua mara ya kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, weka kando. Kamua chicha mara ya pili na ya tatu, hilo tui jepesi ndilo la kuungia: kitunguu, karoti ukipenda, nyanya sasa ruksa, pilipili mbuzi nzima isipasuke. Yakishakuwa mazito, punguza moto, mimina tui zito, koroga kwa upawa bila kuacha mpaka lichemke polepole mara moja. Usifunike. Epua.

Wali unaujua, sikufundishi. Mchele wa Kyela, tui, chumvi, ukikaribia kukauka palia makaa juu ya mfuniko. Ukoko ni wa mpishi, usimpe mtu.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Shangazi. Mimi Mpemba, nipo Muscat kikazi, nakaa chumba na wenzangu wawili. Natoka kazini usiku, sina wakati wa kuchemsha. Maharagwe ya kopo yanafaa kutiwa nazi, au najidanganya?
*Mtu wa Wete*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Yanafaa. Mwaga yale maji yake yenye utelezi, yasuuze mpaka povu liishe, kisha yapike dakika 20 kwenye tui jepesi yapate kunywa ladha. Tui la kopo lizimue na maji, bakisha vijiko vinne vya lile zito utie mwisho. Chumvi onja kwanza, kopo limeshatiwa. Nyekundu makavu ukiyapata siku ya mapumziko, yachemshe kwa moto mkali kwanza, yatokote si chini ya dakika kumi, usiyaweke moja kwa moja kwenye lile jiko la umeme la kupika polepole. Yakiwa nusu mabichi yatawatapisha wote watatu, na hapo chumbani sidhani kama mna choo zaidi ya kimoja.