Maji ya vuli yamepanda, kambale yuko wapi?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Niko Magu, navua kwa mshipi wa mkono Mto Simiyu. Kila vuli maji yakipanda natupa katikati ya mto na kuambulia magugu tu. Nikibahatika kuguswa, nasikia kabisa samaki anagonga, lakini nikivuta ndoano inarudi tupu. Natumia risasi (uzito wa kuzamisha mshipi) kubwa ili isichukuliwe na maji, na chambo ni nyungunyungu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Magu*

JIBU: Pole sana, ndugu. Makosa makubwa ni matatu: mahali unapotupa, risasi, na haraka.

Kiangazi Simiyu hubaki vidimbwi. Mvua za vuli zikishuka, kati ya Oktoba na Desemba, maji huja kwa kishindo, yamejaa tope na magogo. Kambale hashindani na mkondo wa namna hiyo. Hujisogeza pembeni, maji yalipotanda juu ya majani kwa kina cha goti hadi kiuno, kwa sababu huko mafuriko yamewafukua nyungunyungu, mchwa na panzi, na huko ndiko anakotaga usiku. Katikati ya mto unavua magugu kwa kuwa ndiyo yanayopita pale.

Tafuta maji yanayozunguka polepole: nyuma ya kona, chini ya gogo lililolala, au kijito kinapoingia mtoni. Tupa mpakani mwa mkondo na utulivu, hatua mbili hivi kutoka kwenye majani. Kama mto bado unapanda kwa kasi, rudi nyumbani. Siku ya pili au ya tatu, maji yakianza kutulia, ndiyo siku yenyewe, na saa nzuri ni kuanzia jua linapozama.

Kwenye maji ya tope kambale hatafuti kwa macho. Anatafuta kwa harufu na kwa sharubu zake nane. Nyungunyungu mmoja hatoshi. Tunga watano au sita kwenye ndoano moja, ncha za miili yao zikining'inia. Utumbo wa kuku au kipande cha furu, samaki mdogo wa ziwani, kilichochanwa pia kinafaa. Badilisha kila baada ya nusu saa, maana maji huosha harufu hata kama chambo bado kinaonekana kizima. Sabuni ya mche wanayotumia watu wa migonzo (mishipi mirefu yenye ndoano nyingi) inanasa kweli, na sifa yake ni kukaa muda mrefu bila kuliwa na samaki wadogo. Kwa mshipi wa mkono unaouangalia mwenyewe, nyungunyungu ni bora.

Sasa hiyo ndoano tupu. Inaelekea risasi yako umeifunga ikakaza, kwa hiyo kambale akibeba chambo anahisi uzito na kukitema. Chukua risasi yenye tundu ya gramu 30 hadi 40, ipitishe kwenye mshipi wa nailoni wa milimita 0.50 iteleze huru, kisha funga fundo nene la kuizuia, ukiacha sentimita 40 kati ya fundo na ndoano. Ndoano iwe na uwazi wa sentimita moja na nusu kati ya ncha na shina. Ijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: ikiteleza, inoe, ikikwama, iko tayari. Hili wengi hawalifanyi, ilhali kichwa cha kambale ni mfupa mtupu na ndoano butu haipati pa kushika.

Baada ya hapo, tulia. Mshipi utagonga mara mbili tatu, utanyamaza, kisha utaanza kuondoka taratibu huku ukikaza kidoleni, kama kamba ya mbuzi anayejivuta kwenda kula. Kule kugonga kwa kwanza ni kunusa na kusukuma. Unapoondoka ndipo uvute, kwa mkono mrefu, bila kushtua, ndoano ijichomeke kwenye pembe ya mdomo.

Mshike nyuma ya kichwa, kwani mapezi ya kifuani yana miiba yenye meno. Jike mwenye tumbo lililovimba mayai mrudishe majini, tafadhali. Na giza likiingia kaa mita kadhaa kutoka ukingoni: mamba na viboko hufuata maji hayo hayo. Maji ya pembeni yaliyotuama yana konokono wa kichocho, kwa hiyo vaa buti za mpira.

SWALI: Nimesikia ningu ni "samoni wa ziwa letu". Ni kweli? Na mbona hanasi kwenye ndoano?
*Msomaji, Kirumba*

JIBU: Wanafanana kwa safari. Samoni wa Atlantiki hukulia baharini na kurudi kutaga kwenye mto aliozaliwa, wakati wa vuli ya huko, majani ya miti yanapopukutika. Akishaingia mtoni huacha kula, ndiyo maana wavuvi humchokoza kwa chambo bandia. Ningu naye hutoka Ziwa Viktoria mvua zikianza, akapanda mito kutaga kwenye mafuriko, kisha akarudi.

Ndoanoni hanasi kwa sababu mdomo wake uko chini, una midomo laini ya kukwangua mwani na tope. Nyungunyungu si chakula chake.

Kilichomwangusha ni nyavu za makila, zile zinazosimama majini na kunasa samaki kwenye mashavu, zilizoingia ziwani upande wa Kisumu mwaka 1905. Baadaye zikatandwa midomoni mwa mito, zikawa zinamnasa akiwa na mayai kabla hajataga. Alipungua hata kabla sangara hajatawala ziwa. Ukiona wavu umekinga mdomo wa mto wakati wa mvua, mweleze afisa uvuvi au kikundi cha ulinzi cha mwalo (mahali pa kushushia samaki) wako siku hiyo hiyo. Mafuriko hayakai, na kundi likishanaswa halina safari ya pili.