Usimtoe bibi kijijini kabla ya uhakiki wa TASAF, mimi yamenikuta

Mkuu usimtoe bibi huko Makete. Nimesoma swali lako mara mbili, unasema bibi ni mlengwa wa TASAF, ule mpango wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini, unataka aje akae kwako Uyole, Mbeya, hii miezi ya baridi, na jirani kakuhakikishia kwamba kadi ikibaki kwa shangazi siku ya uhakiki inatosha. Haitoshi. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, matokeo yake bibi yangu mpaka leo yuko nje ya mpango.

Wa kwangu alikuwa Rungwe, juu ya Kiwira huko, anaishi na vitukuu viwili yatima, wote shule ya msingi. Alikuwa anapata 36,000 kila miezi miwili, yaani kwa mwezi 10,000 ya kaya, 4,000 ya kuwa na watoto na 2,000 kwa kila mwanafunzi. Wewe wa mjini utaiona ndogo ila bibi alikuwa ananunua madaftari, sabuni, mbegu ya viazi, na alishaanza kufuga kuku, hamwombi mtu chumvi.

Mwaka 2019 mguu ukamsumbua nikaona nimlete kwangu Mwanjelwa na watoto wake wote wawili. Sikukurupuka, nilimpigia mtu wa kamati ya TASAF pale kijijini nikamuuliza kabisa, hii haitaleta shida? Akasema we mchukue tu, kadi si ipo. Basi nikamchukua, huku nyuma uhakiki ukapita, ule wa kusafisha majina kabla ya awamu ya pili iliyozinduliwa Februari 2020, kila mahali wanasaka kaya hewa. Shangazi kaenda na kadi. Wakamuuliza mwenyewe yuko wapi, akajibu yuko Mbeya mjini kwa mjukuu wake. Hapo ndo tulipoumia, maana mpango unaangalia kaya, na kaya yenyewe pale haipo, nyumba imefungwa kufuli, watoto kule shuleni hawaonekani kwenye mahudhurio, halafu tumetamka kwa mdomo wetu kwamba kuna mjukuu mjini anawalisha. Wakamkata.

Nilimfuata yule wa kamati, eti "nilijua anaenda kutembea wiki mbili". Mkuu nina hasira naye mpaka leo. Kutokujua sio kosa, angesema tu sijui, muulize mtendaji, ningepanda gari asubuhi yake. Mtu kapewa dhamana ya wazee wa kijiji kizima anajibu kwa kubahatisha, aliyelala njaa ni bibi yangu sio yeye.

Na usijidanganye kwamba jina utalirudisha baadaye. Niliambiwa nisubiri utambuzi mpya, na utambuzi unaanzia mkutano wa kijiji, watu wanataja kaya, linakuja dodoso, majina yanachujwa kwenye mfumo, yanarudi tena mkutanoni wananchi waridhie. Mkutano umefika bibi alisharudi kijijini, amekaa pale pale mbele na mkongojo wake, na hakuna aliyemtaja. Wangemtajaje wakati wamemwona anapakiwa kwenye gari na godoro jipya? Siwalaumu, ile sababu niliwapa mimi.

Pensheni ya wazee uliyouliza, ile ya kila aliyefika miaka 70 iko Zanzibar tangu 2016, ilianza na 20,000 kwa mwezi, huku bara hatuna. Kwa hiyo hii ruzuku ikikatika bibi yako hana nyingine ya kushika, ndo maana nakupigia kelele.

Bibi awepo mwenyewe, nyumbani kwake, watoto wakiwa shule ile ile, mpaka uhakiki upite. Akishahakikiwa ndo uende wewe mwenyewe kwa mtendaji, sio kwa simu, umweleze unamchukua kwa muda gani, jibu akupe kwa maandishi. Umesema wameshatangaza uhakiki ni Julai, najua Makete Julai ni barafu asubuhi. Mnunulie mablanketi mawili mazito, gunia la mkaa na soksi za sufu, mpe dereva wa basi la kesho vimfikie, na wikiendi upande mwenyewe ukalale naye.