Kupiga picha za michezo ya ukumbini usiku: usikimbilie kubadili kamera, anza na lenzi na mahali unapokaa

Mkuu, kwa walioingia uzi katikati: una kamera ya Canon ya kuanzia na ile lenzi yake ya 18-55mm, unapiga picha za mpira wa kikapu usiku ukumbini, picha zinatoka giza, na ukilazimisha mwanga wachezaji wanavutika, yaani wanatoka na mkia badala ya kuwa wakali. Unauliza kama ununue kamera mpya. Usinunue kwanza. Sehemu ya hela hiyo ipeleke kwenye lenzi, nyingine ibaki mfukoni.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, jifunze kuisoma picha iliyoharibika. Ikuze kwenye skrini mpaka mwisho. Kama mistari ya sakafu nayo imevutika pamoja na kila kitu, mkono wako ulitikisika. Kama mistari na ubao wa goli viko safi ila mchezaji peke yake kavutika, shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ilikuwa ya polepole. Na kama mchezaji kafifia lakini mama aliyekaa jukwaani nyuma yake anahesabika hadi hereni, fokasi (mahali kamera inapoelekeza ukali) ilimruka mchezaji ikaenda kwa watazamaji. Hayo ni makosa matatu tofauti, na wengi wanayatibu yote kwa kupandisha ISO (namba ya jinsi kamera inavyoongeza mwanga yenyewe), ndiyo maana hawaponi.

Tuanze na shata. Mchezaji anayekimbia mita 5 kwa sekunde, ukimpiga kwa 1/60 ya sekunde anasogea sentimita 8 wakati shata iko wazi. Kwa 1/500 anasogea sentimita 1. Kwa kikapu na netiboli 1/500 ndiyo kiwango chako cha chini, usishuke hapo mchezaji akiwa anakimbia. 1/800 ni salama zaidi. Kwa wavu, pale mtu anapoupiga mpira juu ya neti, nenda 1/1000. Kwenye ndondi 1/500 inatosha uso, lakini glovu itabaki na mkia kidogo, na mimi naona mkia huo unapendeza.

Ukiweka 1/500 kwenye ukumbi wenye taa hafifu, mpangilio unaokaribia kuwa sawa ni f/2 na ISO 3200 (f ni upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Sasa lenzi yako ya 18-55 ikivutwa hadi 55 inafunguka mwisho f/5.6. Kupata mwanga uleule hapo unahitaji ISO 25600, na kwa kamera ya kuanzia hizo ni chengachenga tupu. Kwa hiyo tatizo si bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, na ndiyo lenzi ya bei ya chini kuliko nyingine nyingi. Ukiwa na uwezo zaidi, 85mm f/1.8. Ile ya 70-200 f/2.8 unayoiona kwa wapiga picha wa magazeti ni nzuri sana, ila kwa anayeanza ni mzigo wa hela na wa shingo.

Ukienda Kariakoo au mjini kutafuta iliyotumika, nenda na kamera yako na uijaribu palepale. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, iangazie upande wa nyuma huku ukichungulia mbele. Vumbi kidogo si neno. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba nyeupe zilizosambaa kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia pembeni mwa kioo. Kwa unyevu wa pwani yetu kuvu ni jambo la kawaida, na lenzi ikishaipata usiichukue hata ukipunguziwa. Kisha elekeza kitu cha karibu halafu cha mbali mara kadhaa, uone kama fokasi inafika bila kukwama. Wenye Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake: bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo chukua lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani. Ukichukua AF-D utazungusha kwa mkono mechi nzima.

Mipangilio sasa. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), si Auto wala alama ya mtu anayekimbia. Sababu ni jezi. Timu moja imevaa nyeupe, nyingine nyeusi, na kamera ikiachiwa iamue yenyewe, nyeupe zikijaa fremu inapunguza mwanga na nyuso zinazama. Wakati wa kupasha misuli moto, piga picha za majaribio katikati ya uwanja, kuza uso wa mchezaji, rekebisha ISO mpaka ngozi ionekane vizuri, halafu usiguse tena. Usihukumu kwa taa za dari au ukuta mweupe. Hivyo viache viungue, yaani viwe vyeupe kupita kiasi. Ngozi zetu nyeusi zikipigwa giza halafu ukazivuta juu kwenye kompyuta, chenga zinatokea palepale mashavuni. ISO 6400 iliyopigwa sawasawa ni safi kuliko ISO 1600 iliyokuja kuokolewa baadaye. Hili watu hubisha sana, basi lijaribu mwenyewe kwa picha mbili.

Fokasi iwe ile inayoendelea kumfuata mchezaji: AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon na Sony. Tumia pointi ya katikati peke yake, maana kwenye bodi za bei ndogo ndiyo inayoona vizuri gizani. Ielekeze kwenye namba ya kifuani, si usoni: namba ina mistari mikali ambayo kamera inaishika haraka. Na anza kumfuata mchezaji kabla hajaruka. Ukisubiri aruke ndipo ubonyeze, kamera itakuwa bado inatafuta wakati yeye ameshatua. Kumbuka pia kwamba 50mm kwa f/2, mtu akiwa mita 5, eneo lililo kali lina kina cha kama sentimita 75. Akiwa mita 3 linabaki sentimita 27 hivi, yaani pua kali, nyuma ya bega imepotea. Ndiyo maana aliye karibu sana huwa mgumu kuliko wa mbali kidogo.

Mahali pa kukaa kwenye kikapu ni chini sakafuni, nyuma ya mstari wa mwisho, kati ya kona na goli. Omba ruhusa kwanza kwa waamuzi au wasimamizi, na kaa nje ya zile mita 2 zinazotakiwa kuachwa wazi kuzunguka uwanja, maana mchezaji akija kwa kasi hasimami kwa sababu ya kamera yako. Shika kamera wima. Kwa 50mm kwenye Canon yako, fremu ya wima inabeba urefu wa mita 2.2 mtu akiwa mita 5, na kama mita 3 akiwa mita 7. Hapo unapata mrukaji mzima na mpira. Goli la upande wa pili lisahau kabisa. Subiri waje kwako.

Usibonyeze kama bunduki. Kamera inayotoa picha 5 kwa sekunde ina pengo la moja ya tano ya sekunde kati ya picha na picha, na mpira unatoka mkononi ndani ya pengo hilo. Bonyeza kidogo kabla ya kilele, mbili au tatu, basi. Mrukaji akifika juu kabisa anakuwa kama amesimama hewani kabla ya kushuka, na hapo hata 1/320 inaweza kukupa picha safi kama mwanga umekugomea. Kwa mazoezi hakuna mchezo unaomfaa mwanafunzi kama netiboli: mwenye mpira ana sekunde 3 tu na hakimbii nao, kwa hiyo unajua mtu atasimama wapi.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: picha tatu za mfululizo, mpangilio uleule, moja nzuri, moja ya njano, moja giza. Kamera si mbovu. Umeme wetu ni wa 50Hz, na taa nyingi za kumbi hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata ya 1/500 inachukua sehemu ya tano tu ya kila wimbi, ikidaka kilele au bonde kwa bahati. Tafuta kwenye menyu kipengele cha kuzuia kumetameta kwa taa, ukiwa nacho kiwashe. Canon walianza nacho kwenye 7D Mark II mwaka 2014. Kama huna, piga picha chache zaidi kwa kila tukio na tumia RAW (faili ghafi linalorekebishika zaidi baadaye) pale unapojua taa ni mbaya. Kwenye taa bapa za LED, wenye kamera za kisasa zisizo na kioo wasitumie shata ya kimya: huleta mistari ya giza iliyolala katikati ya picha.

Ndondi za kumbi za Dar kama Diamond Jubilee au Ubungo Plaza zina taabu yake, kamba. Fokasi inapenda kamba kuliko bondia. Pitisha lenzi katikati ya kamba mbili, usipige kupitia juu yake, na subiri bondia ageukie upande wako. Mgongo hauna habari. Flashi iache. Ile iliyo juu ya kamera haifiki, na inawasumbua wanaopigana.

Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto letu, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa. Ukiitoa papo hapo kioo kinashika ukungu, na unyevu huo ukizoea kuingia ndani ndiyo mwanzo wa ile kuvu.

Ukishajaribu, weka hapa picha mbili zilizokugomea tuziangalie. Ziweke moja kwa moja kutoka kwenye kadi, usizipitishe WhatsApp kama picha za kawaida, maana inafuta taarifa za shata na ISO na tutabaki kubahatisha.