Muuguzi anamuuliza mama kama amejamba

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Mama kapasuliwa tumbo juzi. Muuguzi kila akipita anamuuliza kama ametoa upepo, mbele ya wageni! Halafu anamshika mkono, kimya, dakika nzima. Kwa nini? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mpe mama pole. Wodi ya upasuaji nimeifanyia kazi miaka mingi hapa Mbeya, na swali hilo nimewauliza hadi wachungaji. Nusukaputi na kushikwashikwa wakati wa upasuaji hulaza utumbo. Upepo ukitoka, tunajua utumbo unaamka. Ila mbele ya wageni, hapana, angevuta pazia.

Mkono je? Akishamaliza kuhesabu mapigo ya moyo anaendelea kuushika, huku anamtazama mama kifuani: anahesabu pumzi. Mgonjwa akijua anahesabiwa, hubadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Mpelekee mto, aubane kwenye mshono akikohoa. Baridi ya huko isimlaze siku nzima. Wakimruhusu, mshike atembee hata hadi dirishani, damu isigande miguuni. Tumbo likivimba na kuwa gumu, au akitapika, ita muuguzi hapo hapo. Na zile ndizi za maziwa kwenye hotipoti, kuleni nyie kwanza mpaka wodi iruhusu.