Jibu: Alumini na epoksi kubanduka kabla ya kuvunjika

Ndugu, umeuliza kwa nini vipande vyako vya alumini na epoksi (gundi) vinabanduka tabaka kabla ya kuvunjika, ukivipinda pale karakana ya Kariobangi. Naona shida ni nafasi kati ya vile vyuma viwili vya chini vinavyobeba kipande. Unene wa kipande ni milimita 4, nawe umeviweka vyuma hivyo umbali wa milimita 30 tu. Ni karibu mno! Tabaka zinasukumwa ziteleze moja juu ya nyingine, kwa hiyo unachopima ni gundi. ISO 178, sanifu ya kupima upindaji wa plastiki, inataka nafasi iwe mara 16 ya unene, yaani milimita 64. ASTM D7264, sanifu ya kompositi (vifaa vilivyounganishwa kuwa kimoja), hutumia mara 32. Anza na 128.

Hesabu ya mkazo kipande kinapopinda: 3 mara nguvu mara nafasi, ugawanye kwa 2 mara upana mara unene mara unene. Kwa mfano, nguvu Newtoni 100, nafasi 128, upana 10, unene 4 (vipimo kwa milimita): megapaskali 120. Unene unaingia mara mbili, basi tumia kalipa, rula haitoshi. Ila kanuni hii inachukulia kipande ni kitu kimoja, kwa hiyo jibu lako ni la kulinganisha vipande vya muundo uleule tu. Pima visivyopungua vitano.

Zikiendelea kubanduka hata kwa 128, piga alumini msasa na uifute mafuta kabla ya kupaka epoksi.