Mdogo wangu akimaliza kula tu anakimbilia bafuni

Shikamoo anti. Nimeangalia dokumentari ya Marekani kuhusu mabinti wanaojinyima kula au kujitapisha mpaka wanalazwa, nimelia kweli maana nilikuwa namuona mdogo wangu mle. Ana miaka 17, tukishakula tu anaenda bafuni anafungulia bomba kwa nguvu tusisikie, na mkono wa kulia ana sugu nyuma ya vidole. Mama anasema ni maringo, bibi anasema karogwa. Nifanyeje?
Dada mtu, Ujiji

Marahaba mwanangu. Hizo sugu mara nyingi ni meno yanakwaruza mtu akijitia vidole kooni, na hayo sio maringo wala uchawi jamani, inaelekea ni ugonjwa unaoitwa bulimia, yaani mtu anakula kisha anajitapisha asinenepe, na anaweza kuwa nao bila hata kukonda ndo maana nyumbani hawashtuki. Mimi kinachonitisha ni moyo, kutapika kila mara kunapunguza madini ya potasiamu mwilini na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, kwa hiyo mpelekeni hospitali ya Maweni wiki hii hii wampime damu na aonane na mtu wa afya ya akili. Kabla ya hapo ongea naye mkiwa wawili tu, mwambie ulichokiona, usimgombeze. Mambo ya umenenepa umekonda yaacheni kabisa hapo nyumbani, wala msimsimamie amalize ugali na migebuka watu wote wanamkodolea macho, ila mkishakula kaa naye mpige stori hata saa nzima. Akizimia au moyo ukimwenda mbio msisubiri kukuche.