Kozi ya kwanza ya kutengeneza kurasa za wavuti: anza na folda

Wengi wanaojiandikisha kozi ya utangulizi ya kurasa za wavuti kwenye chuo cha jamii huogopa kodi (code), yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta. Kodi yenyewe si mzigo mkubwa. HTML, lugha ya kuandikia kurasa, utakayoitumia muhula mzima ni tagi (alama kama <p>) thelathini hivi, na ukiziandika kila siku zinakaa kichwani bila kukariri. Kinachowaangusha wengi ni faili. Ukurasa unaonekana vizuri nyumbani, ukifika kwa mwalimu picha hazipo, rangi zimepotea, viungo havifunguki. Alama zinakatwa, na mwanafunzi haelewi amekosea wapi kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa sawa.

Kwa hiyo kabla ya zoezi la kwanza, tengeneza folda moja ya kozi. Kila zoezi liwe na folda yake, na ndani ya zoezi ziwepo folda mbili ndogo, picha na css (ya faili za CSS, lugha inayopanga rangi na mwonekano). Ukurasa wa mbele uite index.html, maana seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi kurasa za wavuti) zikiombwa folda bila jina la faili hutafuta jina hilo kwanza. Majina yote yawe ya herufi ndogo, bila nafasi. Penye maneno mawili weka kistari, kama nyumba-kubwa.jpg. Usidhani hili ni suala la unadhifu tu. Windows haitofautishi Nyumba.JPG na nyumba.jpg, lakini seva nyingi huendeshwa na mfumo wa Linux, na kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti. Ndiyo maana picha inaonekana kwako, ukishapakia kazi inatoweka.

Kosa jingine linastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwanafunzi anaweka picha kwa tagi ya img, na kwenye src, sehemu inayotaja picha ilipo, anaandika C:\Users\mimi\Desktop\nyumba.jpg. Kwake picha inatokea, kwa kuwa njia hiyo ya kuifikia faili ipo kwenye kompyuta yake. Kwa mwalimu haipo. Njia inatakiwa ianzie pale faili ya HTML ilipo: picha/nyumba.jpg. Kama ukurasa umo ndani ya folda ndogo na picha ziko nje yake, panda ngazi moja kwa nukta mbili: ../picha/nyumba.jpg. Kipimo chake ni rahisi: nakili folda nzima kwenye flashi, uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Picha isipotokea huko, umeligundua kosa kabla ya mwalimu.

Kodi usiiandike kwenye Word kabisa. Word hupindisha alama za nukuu, na kivinjari hakizitambui kama nukuu. Huzichukua kuwa sehemu ya jina lenyewe. Ukiandika class="menu" kwa nukuu zilizopinda, CSS yako ya .menu haitashika chochote, na utatafuta kosa saa nzima bila kuliona. Ikitokea umebofya kiungo na kwenye anwani juu pakaonekana %E2%80%9C, hiyo ndiyo nukuu iliyopinda. Tumia programu ya kuandikia kodi, kama Visual Studio Code, ambayo haina malipo. Notepad nayo inafaa, ila washa kwanza mpangilio wa Windows wa kuonyesha viambishi vya majina ya faili, la sivyo unaweza kuhifadhi index.html.txt huku ukiona index.html.

Andika kwa mkono wako. Kunakili kodi ya mwalimu na kubandika hukupa ukurasa, lakini vidole havijifunzi kufunga tagi. Kwa kila saa ya darasani tenga angalau saa mbili za mazoezi, na uzigawe kwa siku. Dakika 40 kila jioni zinafaa kuliko Jumapili nzima.

Kwenye CSS kila kipande cha ukurasa huhesabiwa kama boksi. Wanafunzi hukwama kwenye hesabu hiyo ya boksi, na hapo usiharakishe. Ukiipa boksi upana wa pikseli 300, padding (nafasi kati ya kilichomo na mpaka) ya 20 na mpaka wa 1, haichukui 300. Inachukua 342: 300, jumlisha 20 mara mbili, jumlisha 1 mara mbili. Boksi tatu za namna hiyo zinahitaji 1026, kwa hiyo ukizipanga sambamba kwa float, amri ya CSS, ndani ya eneo la 900, mbili zinakaa sambamba na ya tatu inashuka chini. Watu huanza kupunguza upana kwa kubahatisha hadi zitoshe, kisha wakigusa padding kila kitu kinavurugika tena. Weka box-sizing: border-box mwanzoni mwa CSS yako, hapo 300 inabaki 300, padding na mpaka vikiwa ndani yake.

Picha za simu ni kubwa mno kwa ukurasa. Picha yenye upana wa pikseli 4000 huwa na megabaiti kadhaa, na kuandika width="400" hakuipunguzi; kivinjari bado kinaipakua yote, kisha kinaionyesha ndogo. Ipunguze kwanza kwenye programu ya picha hadi pikseli 800 hivi, ndipo uiweke. Usisahau alt, inayomweleza asiyeona kilichomo pichani. Na kwenye head, sehemu ya juu ya faili ya HTML, lazima iwepo meta ya viewport, tagi inayoiambia simu ichore ukurasa kwa upana gani. Bila hiyo, simu nyingi huuchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, halafu huubana, na maandishi yanakuwa madogo kama punje.

Kabla ya kulipia kozi, omba muhtasari wake. Ukikuta bado wanafundisha tagi za font na center, au kupanga ukurasa mzima kwa majedwali, tafuta kozi nyingine. HTML 4.01 ya mwaka 1999 ilikwishashauri tagi hizo mbili ziachwe.

Ukimaliza zoezi, lipitishe kwenye kikaguzi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti. Kikikuletea makosa 20 usishtuke: rekebisha la kwanza tu, kisha kagua upya. Tagi moja ya div (boksi la kukusanya vitu) isiyofungwa inaweza kuzaa makosa kumi chini yake, na yote yanaondoka nayo. Ukibadilisha CSS na kivinjari kikang'ang'ania sura ya zamani, bonyeza Ctrl+Shift+R kabla hujaanza kuifumua kodi iliyo sahihi. Kazi ikiwa tayari, kabidhi folda nzima kama faili moja ya ZIP, si index.html peke yake, kisha kipakue ulichokabidhi na ukifungue wewe mwenyewe.